Kulala kambini kwenye kongamano: bumu lako lianzie chini, hema baadaye

Ikifika Mei simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa vyuo waliopata nafasi ya kwenda Lushoto kwenye kongamano la wanafunzi wanaharakati wa mazingira wananiuliza swali lile lile: "Kaka, hema zuri linapatikana wapi?" Nami huwarudishia swali: utalalia nini?

Siwacheki. Nami nilianzia kwenye hema. Mwaka wangu wa kwanza nilimega bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nikaenda Kariakoo, nikarudi na hema jipya la rangi ya chungwa, bado linanukia duka. Cha kulalia nilibeba mkeka wa mama na shuka mbili. Saa nane usiku meno yalikuwa yanagongana. Nikatoka kwenda kuota majivu ya moto wa jioni, nikakuta kikao kimeshaanza pale: watu saba, kila mmoja na hema lake zuri, mwenye godoro hakuna.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo usiku wa Julai ambao Dar unajifunika shuka moja, kule unaweza kukaribia nyuzi 10. Lakini adui mkubwa si hewa, ni ardhi. Blanketi linakutia joto kwa sababu ya hewa iliyonasa ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo, mgongo unabaki umegusana na udongo ambao haushibi kunyonya joto lako. Ndiyo maana mtu anajifunika mablanketi matatu na bado anatetemeka upande wa chini.

Basi napanga hivi: kwanza cha chini, pili cha kujifunika, tatu hema. Ukiwa na laki moja mkononi, hema lisile zaidi ya elfu thelathini.

Cha chini

Namba moja ni mkeka wa sponji ngumu, ule unaokunjwa kama mkate wa chapati, mwingine una upande mmoja wa rangi ya fedha. Kwenye mitumba huwa umetupwa pembeni na mabegi ya mgongoni, na muuzaji mara nyingi hajui ni wa kazi gani, jambo ambalo ni neema kwako. Karume pale Ilala na Memorial pale Moshi nimeuona mara nyingi. Wenzetu wa Nairobi huenda Gikomba au Toi. Kipimo chake ni rahisi. Mwagia tone la maji: likikaa juu, chukua, likinywewa, hiyo ni sponji ya kawaida. Kisha bonyeza kwa dole gumba. Usiporudi juu, umeshachoka, hewa ya ndani haipo tena. Usiuchanganye na ile mikeka myembamba ya mazoezi inayouzwa barabarani. Ile ni ya dakika arobaini sakafuni, si ya usiku mzima juu ya nyasi zenye umande.

Namba mbili, na kwa wengi ndiyo itakayokuwa namba moja, ni sponji ya inchi 2 kutoka kwa fundi makochi. Nenda Keko au kwa fundi yeyote wa mtaani kwenu, mwambie akukatie sentimita 60 kwa 180. Usinunue godoro zima. Mwanaharakati hageukigeuki sana akiwa amechoka. Sponji hii inatia joto vizuri na inalalika kuliko ule mkeka, ila ina tabia mbili mbaya. Inakunywa maji, kwa hiyo tandika karatasi ya nailoni chini yake. Na ukiikunja bila kuikaza kwa kamba inakuwa kubwa kama pipa, konda atakudai nauli ya mzigo, na hapo mimi siwezi kukutetea.

Namba tatu ni maboksi. Usicheke. Boksi la friji likikunjwa mara tatu linakutenga na ardhi kuliko godoro moja la bei kubwa nitakalolisema sasa hivi. Omba dukani bure, weka mkeka wa ukili juu. Likilowa limekwisha, lakini kwa usiku mbili mikavu nalipa heshima zake.

La mwisho kabisa ni godoro la kujaza upepo. Linavutia dukani, limejaa kama kitanda cha hotelini. Hewa iliyo ndani yake inatikisika kila ukijigeuza, inalibeba joto lako na kulipeleka ardhini. Na mwiba mmoja wa Usambara unatosha kukulaza chini kabla ya mjadala wa asubuhi.

Mkeka wa ukili peke yake sijauweka kwenye orodha. Ubebe hata hivyo, kwa kuwa vikao vyote mtakaa chini ya mti na mwenye mkeka hakosi marafiki.

Cha kujifunika

Hapa mtumba unashinda jipya, tena kwa mbali. Mabegi ya kulalia yanayotoka Ulaya mara nyingi bado yana lebo yenye namba tatu za nyuzi joto. Moja ni ya kulala kwa raha, ya pili ni ya mwisho wa kuvumilia, ya tatu ni ya kutokufa tu. Wauzaji hupenda kukuonyesha ile ya tatu: "Bro, hili linakwenda hadi chini ya sifuri!" Linakwenda ndiyo, wewe hutaki kwenda nalo. Soma ile namba iliyo juu kuliko zote. Kwa Lushoto tafuta lenye raha kwenye nyuzi 5 hadi 10.

Kisha linyanyue kuelekea jua. Ukiona mwanga unapita sehemu nyingi na mabonge yamejikusanya sehemu nyingine, limefuliwa kwa mashine likafa. Vuta zipu kutoka mwisho hadi mwisho mara mbili. Zipu ikikwama pale sokoni saa sita mchana, usiku gizani itakuwaje? Lililojazwa manyoya ya bata ni jepesi na lina joto la ajabu, lakini likilowa linakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Kule kwenye ukungu na manyunyu, mimi nachukua la nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Mwaka juzi muuzaji alianzia elfu arobaini, nikaondoka mara mbili, tukamalizana kwa kumi na nane. Lifue na kulianika siku mbili kabla ya safari.

La pili ni kukodi, ikiwa unapitia Moshi au Arusha. Kuna maduka yanayokodisha mabegi na makoti kwa wapanda Kilimanjaro, na kilichomtosha mtu mlimani hakitashindwa na Lushoto. Uliza bei kwa siku, uliza pia amana, maana amana ndiyo huwashangaza watu.

La tatu: blanketi mbili na shuka la Kimasai, halafu fundi cherehani akushonee blanketi moja chini na ubavuni liwe kama gunia. Blanketi lisiloshonwa hukimbia usiku.

Hema

Sasa tumefika. Na jibu langu la kwanza ni: usinunue. Changeni.

Watu watano wa chuo kimoja wakitoa elfu ishirini kila mmoja wanapata hema la kueleweka, na kongamano likiisha linabaki mali ya klabu, wa mwaka kesho walikute. Nimeona klabu ambazo kila mwaka zinanunua mahema matano mabovu, kila mwaka yanatupwa, na watu hao hao wanapanda jukwaani kuzungumzia taka. Wadada wachange la kwao, wakaka la kwao, kila hema liwe na kufuli dogo la kuunganisha zipu mbili. Na mkisoma "watu 6" kwenye boksi, someni wanne na mabegi yao. Watengenezaji huhesabu watu kama dagaa kwenye kopo.

Kama kuchanga kumeshindikana, kodi. Kukodi kukishindikana, mtumba wa gredi ya kwanza, lakini sharti ulisimamishe pale pale. Muuzaji anayekataa usilifungue ana sababu zake. Hesabu nguzo, kagua mishono ya sakafu, ingia ndani ujifungie utafute vitundu vya mwanga.

Jipya la bei chee linafuata, na hapa fungua macho. Cha kutazama ni kile kitambaa cha juu cha mvua. Kwenye mahema mengi ya bei rahisi ni kama kofia ya mtoto: kinafunika utosi, ubavu wote uko wazi. Tafuta kinachoshuka hadi karibu na ardhi. Ukikuta lebo yenye milimita, hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijapitisha; 1,500 ni ya manyunyu, 3,000 utalala na mvua. Hema la kitambaa kimoja tu linalowa kwa ndani hata bila mvua, kwa pumzi zenu wenyewe. Watu hulalamika linavuja, kumbe wameliloweka wao. Acha dirisha wazi kidogo, hata kama kuna baridi.

La mwisho ni lile la kujifyatua, unalirusha linasimama. Kusimamisha ni sekunde tatu. Kulikunja, nimeshuhudia wahandisi wawili wa mwaka wa nne wakipambana nalo nusu saa asubuhi ya kuondoka. Na likikunjwa ni duara pana kama ungo. Halikai kwenye begi, wala kwenye buti ya basi lililojaa.

Lolote utakalopata, vigingi vilivyomo vitupie macho tu. Ni vya waya, vinapinda. Nunua misumari ya inchi 6 duka la vifaa vya ujenzi, minane inatosha. Turubai la kutandika chini ya hema lisichungulie nje hata kidole, la sivyo litakinga mvua na kuipeleka chini yenu.

Kabla hujalipa hata senti, waulize waandaaji kambi iko wapi hasa. Msitu wa Magamba, kwa mfano, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuingia kuna ruhusa na ada, na ni vyema ujue kama mchango wako wa kongamano umeshailipia.

Vidogo

Tochi ya kichwani, si ya mkononi. Choo kiko mbali na mikono miwili utaihitaji.

Pawabenki ya mAh 10,000 inatoa kama 6,000 kwa kweli, yaani simu yenye betri ya 5,000 unaijaza mara moja na kidogo. Ile iliyoandikwa 50,000 na ni nyepesi kama sabuni, iache hapo hapo.

Chupa ya maji ya chuma. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Juni 5, 2020 hairuhusu plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi zake. Kongamano la mwaka mmoja tuliimba dhidi ya plastiki mchana, jioni tukaokota chupa tupu gunia mbili nzima. Zetu.

Kitambaa cha marekani mita tatu kwa ajili ya mabango, na rangi ya maji. Ya mafuta haikauki kwenye ukungu; tuliandamana hadi mjini na bango linalotuchafua.

Buti mpya usinunue kabisa, zitakuchubua kabla ya kufika maporomoko. Fulana ya kongamano utapewa. Pesa iliyobaki nunua kofia ya sufu na soksi nene pea mbili, na pea moja kati ya hizo iwe ya kulalia tu, isitoke nje ya hema hata ukiitwa kwenye chai.