Nisekoi: juzuu 25 za kijana asiyeweza kusema neno moja

Nianze na onyo. Kama wewe ni mtu wa "sema tusikie, yaishe", manga hii, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, itakupandisha presha. Raku Ichijo anampenda Kosaki Onodera tangu sekondari ya chini, Onodera naye anampenda, wanasoma darasa moja, na bado neno halitoki. Naoshi Komi aliichora Nisekoi katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 2011 hadi 2016, jumla ya sura 229, na karibu muda wote huo neno lenyewe limekwama kooni. Nimezisoma zote kwa tafsiri ya Kiingereza ya Viz Media, vitabu vya karatasi ambavyo shemeji yangu alikuwa akiniletea kila akija likizo kutoka Uingereza. Nyingine nimezirudia. Basi msinione nalalamika, nimenogewa.

Raku ni mtoto wa bosi wa yakuza, magenge ya wahalifu wa Japani, lakini ndoto yake ni kuwa mtumishi wa umma, mtu wa kawaida mwenye kazi ya heshima. Asubuhi moja msichana mgeni anaruka ukuta wa shule na kutua na goti usoni mwake. Huyo ndiye Chitoge Kirisaki, binti wa mkuu wa Beehive, genge jingine lililoanza kugombana na watu wa kwa kina Raku. Wazee wanakaa, wanaamua: ili damu isimwagike, watoto hawa wajifanye wapenzi kwa miaka mitatu, yaani mpaka wamalize shule. Na hawapatani hata kidogo. Msichana anamwona kijana legelege kama chipukizi la maharage, kijana anamwita sokwe. Mbele ya watu wanashikana mikono na kutabasamu, huku meno wameyauma.

Mwanzoni nilidhani uchumba huo wa uongo ni mbinu tu ya kuchekesha. Nilivyozidi kusoma nikaona ndio unaobeba hadithi nzima. Katika hadithi nyingi za namna hii unatamani kumzaba kijana kofi, kwa sababu hana kinachomzuia ila woga. Raku ana sababu: akivunja maigizo, mtaa unawaka moto. Ila Onodera anaambiwa mapema kwamba uchumba ule si wa kweli. Sasa kisingizio kiko wapi? Hakipo, na kijana bado yuko kimya. Msomaji anaanza kuhisi kuna kitu kingine kimeingia moyoni mwake ambacho yeye mwenyewe hajakiona. Utamu wa manga za mapenzi ya shuleni, kwangu mimi, uko hapo hapo. Sisi tumeshajua, yeye bado, na tunamfuata kurasa na kurasa tukimpigia kelele.

Njia mbili zilimshinda fisi, na za Raku ni zaidi ya mbili.

Kuna sehemu moja ningependa kila mtu aisome hata kama hatasoma nyingine. Wako ufukweni likizo ya kiangazi, Chitoge anamuuliza Raku: tungekuwa wapenzi wa kweli, unadhani tungeelewana? Raku anajibu kama wanavyojibizana siku zote, kwamba haiwezekani. Hana habari kwamba safari hii ameulizwa kweli. Chitoge ananuna, na si ule ununaji wa kuchekesha. Wanarudi shuleni hawasemezani, na kwenye tamasha la shule darasa lao linaigiza Romeo na Juliet. Onodera ndiye aliyepangiwa kuwa Juliet, anaumia mguu, ikabidi Chitoge aingie. Yaani watoto wa magenge mawili hasimu, ambao tayari wanaigiza kupendana, sasa wanaigiza watoto wa koo mbili hasimu wanaopendana, na wako kwenye ugomvi. Wanaanza kuropoka mambo yasiyomo kwenye mchezo, watazamaji wanavunjika mbavu, na ndani ya vichekesho vile kila mmoja anasema jambo ambalo asingelisema wakiwa wawili tu chumbani. Nilicheka peke yangu mpaka nikaulizwa kulikoni.

Baada ya hapo mambo hulegea. Jump huwauliza wasomaji wake ni hadithi zipi zimewapendeza, na zinazoshuka sana chini hukatwa. Kwa mchoraji wa mapenzi hiyo maana yake ni kwamba wapenzi wakishakubaliana, kazi imekwisha. Kwa hiyo mara mtu anafungua mlango, mara kelele nje, mara mmoja anazirai, ilimradi sentensi isimalizike. Juzuu za katikati zina mengi ya hivyo, na kuna hadithi ya kufuli: Raku huvaa shingoni kufuli alilopewa na msichana waliyeahidiana utotoni, miaka kumi nyuma, na sura yake haikumbuki. Ilinivutia sana mpaka funguo zilipoanza kumiminika, kila msichana anayeingia ana wake. Afadhali Marika Tachibana, binti wa mkuu wa polisi, ambaye anatangaza mapenzi yake tangu siku ya kwanza bila aibu. Sidhani kama aliwekwa pale ashinde, ila kila akiingia unaona jinsi wengine walivyo waoga.

Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Msichana wa ahadi ni Onodera, na anayechaguliwa ni Chitoge. Kuna mashabiki ambao hawajasamehe mpaka kesho, akiwemo mdogo wangu, ambaye alinikasirikia kana kwamba nimeichora mimi. Mimi nasimama na Komi. Onodera anapotamka hatimaye, Raku hamdanganyi. Anakiri kwamba alimpenda tangu zamani, kisha anamwambia moyo umekwenda kwingine. Kwa kijana aliyekwepa mamia ya kurasa, jibu lile lina uzito kuliko busu lolote.

Kwa wazazi: yakuza na bunduki humu ni vichekesho, lakini kuna mavazi ya kuogelea na matukio ya kuangukia wasichana yasiyo ya lazima. Wa shule ya msingi wasubiri. Kitabu kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na visanduku vya picha vivyo hivyo. Tuliopita chuoni tukasoma juzuu za Kurani tunafungua tu, wengine watazoea baada ya kurasa chache.

Natoa nyota nne za mwanzo mpaka tamasha la shule, mbili na nusu za katikati, na nne na nusu za juzuu za mwisho. Aliye karibu nami akitaka kuazima, za katikati achukue hata zote. Juzuu ya 25 ataisomea hapa hapa barazani kwangu.