Vifaranga vya sato na kambale Kigamboni: sato chukueni, kambale kagueni kwanza

Kwa mnaoulizia vifaranga vya samaki hapa Dar, mimi nimechukua kwa jamaa mmoja Kigamboni anayetotolesha mwenyewe, na kiukweli sato wake wa dume tupu nampa nyota tano, ila kwenye kambale namkata.

Wengi wanaofuga majumbani wanalia eti miezi sita imepita samaki hawakui na bwawa limejaa vidagaa, wanalaumu pumba, wanalaumu maji ya kisima, kumbe shida ni majike. Sato akiwa ziwani kwenye nafasi anaweza kumaliza karibu mwaka ndo aanze kuzaa, ana gramu 350 hadi 500 hivi, sasa mbanane kwenye kibwawa chako na chakula cha kuungaunga uone, anazaa akiwa na gramu 50 au hata chini ya hapo. Akiona maisha magumu hasubiri kunenepa huyo, anawahi kuzaa, na kwa joto letu hili anazaa mwaka mzima. Halafu mayai jike anayabeba mdomoni, yakishaanguliwa watoto wakistuka kidogo tu wanarudi humohumo mdomoni, na muda wote huo mama hali, sasa atakua saa ngapi bana? Hela yako ya chakula imeishia kwenye uzazi. Dume hana hiyo kazi ndo maana anakimbia kilo. Jamaa hafichi wanavyopatikana, vifaranga wanalishwa chakula chenye homoni ya kiume wiki tatu hadi nne za mwanzo, majike wachache huwa wanaponyoka lakini kwangu wakati wa kuvua walikuwa wa kutafuta.

Kambale sasa ni mwendo mwingine kabisa. Jike la kilo moja linatoa mayai makumi elfu, porini linayanatisha kwenye majani mafuriko yakiingia kisha linaenda zake, atakayepona apone. Bwawani kwako wala hazai hovyo, mpaka achomwe sindano ya homoni, kwa hiyo vidagaa vya kushtukiza hupati. Shida yake watoto hawakui sawa, na aliyetangulia anamla mwenzie. Ndo maana muuzaji anayejielewa anawachambua saizi kwanza, mimi nikapewa mchanganyiko, wengine urefu mara mbili ya wenzao, kila siku wanapungua na mzoga huoni! Nilivyolalamika akasema ndo kambale walivyo. Aisee kama unajua walivyo si ungewachambua?

Pamoja na hayo jamaa ana stori, ukienda na haraka utakoma. Ndo alinianzishia habari za silikanti wa Tanga, wale samaki wa kale wa kilindini wanaonasa kwenye nyavu za jarife, nikaenda kusoma nikakuta utafiti wa 2021 unakadiria mimba yake ni kama miaka mitano na jike haanzi kuzaa mpaka avuke miaka 50. Huyo ukivua wachache tu umeua ukoo, wakati sato ukimaliza bwawa zima ukabakiza dume na jike umerudi palepale.

Huduma nyingine freshi, mifuko inajazwa oksijeni vizuri, wangu walivuka na pantoni mpaka Mbezi na waliokufa hawakuzidi kiganja. Wasapu anajibu anapojisikia, pigeni simu, na mwende alfajiri kabla jua halijachoma. Na kama tayari una sato mchanganyiko na hutaki kuanza upya, mwambieni awape kambale wachache wa kusafisha vidagaa, ila hakikisheni wanaingia wakiwa wadogo kuliko sato wenu, la sivyo watawasafisha na sato wenyewe.