Simu ya mama na ngazi ya kwanza ya sauti

Mwezi wa nne nilimnunulia mama simu mpya hapa Tanga, shilingi 285,000. Chapa siitaji, maana simu nyingine za bei hii nilizozijaribu tangu hapo zina tabia hiyohiyo. Betri inakaa siku mbili, maandishi anayasoma bila miwani, picha za wajukuu zinatoka vizuri. Kwa hayo sina neno. Ninachotaka kueleza ni sauti ya spika, kwa sababu nimehangaika nayo miezi mitano na nadhani wapo wengi wenye wazazi wanaohangaika vilevile.

Dukani muuzaji alipandisha sauti mpaka mwisho na kufungulia singeli. Watu wa duka la pili wakageuka. "Spika hiyo, kaka, mpaka Raskazone wanakusikia." Nikaridhika, nikalipa. Sikumwambia aishushe mpaka ngazi ya chini kabisa nisikie inavyokuwa, na hilo ndilo nililopaswa kufanya kabla ya kutoa hela.

Mama ana miaka 71 na bado anakaanga vitumbua asubuhi, huku Ngamiani. Mdogo wake yuko Muscat, na wawili hawa hutumiana sauti za WhatsApp ndefu, dakika sita, dakika saba, habari za ndoa na za misiba. Siku ya tatu mama akanirudishia simu mkononi. "Mwanangu, hii inanichoma masikio. Mdogo wangu anaongea kama tumegombana."

Nikashusha. Hasikii. Nikapandisha ngazi moja. Akakunja uso.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kwenye Android ya kawaida sauti ya muziki na video imegawanywa ngazi 15, na mlio wa simu na kengele ya kuamshia ngazi 7 tu. Spika iliyotengenezwa ili ipige kelele dukani haiwezi kunong'ona: kati ya kimya na ngazi ya kwanza hakuna kitu, na kutoka ya pili kwenda ya tatu ni mruko. Kijana hatajua. Mama anajua, kwa sababu daktari wa masikio alishatueleza kwamba sikio la mtu mzima likichoka, sauti ndogo zinapotea lakini zile kubwa zinabaki kubwa vilevile. Nafasi iliyopo kati ya "sisikii" na "unaniumiza" inakuwa finyu. Mimi siku zote nilidhani asiyesikia vizuri anahitaji kupaziwa sauti, na nimempazia mama sauti miaka mingi. Naomba radhi kwake hapa.

Halafu kuna ukali wenyewe, ambao ni jambo jingine kabisa. Spika ya simu ni kidude chembamba, hakina nguvu ya kusukuma hewa nyingi, kwa hiyo besi haitoki. Kinachobaki ni sauti za katikati na za juu, na sikio la binadamu lina wepesi zaidi kwenye mitetemo ya kama 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde, palepale spika hizi zinapopiga kwa nguvu. Herufi "s" na "sh" za mama mdogo zilikuwa zinatoka kama mafuta ya moto yanayodondokewa na maji.

Nilianza kwa fundi, kibanda kidogo karibu na soko. Namsifu kwa moyo wote. Alimwamkia mama, akasikiliza dakika nzima bila kushika bisibisi, akasema, "Mama, hapa kuna mawili. Kukwaruza ni uchafu, ukali ni wa simu yenyewe." Matundu ya spika yalikuwa yamejaa unga wa mchele na mafuta ya vitumbua. Akayasafisha kwa brashi laini kavu, simu ameiinamisha ili uchafu udondoke nje, akatuonya tusichokonoe kwa pini: tundu la maiki liko hapohapo na pini inatoboa wavu wa ndani. Akaona pia kwamba kava la simu limeziba nusu ya matundu, akalipanua tundu kwa wembe. Alichukua shilingi 5,000. Kukwaruza kukaisha siku hiyohiyo. Angeweza kutuuzia spika mpya na tungelipa, hakufanya hivyo.

Ukali nikautafuta kwenye mipangilio. Ikwalaiza ya simu, yaani sehemu ya kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, ina vijiti vitano, kila kimoja na mitetemo yake kwa sekunde: 60, 230, 910, 3600 na 14000. Nilishusha cha 3600 sana, cha 14000 kidogo, vingine nikaviacha. Msipandishe cha 60 mkidhani mtapata besi. Nilijaribu, spika ikaanza kutetemeka na sauti ikachafuka zaidi.

Kilichomaliza kazi kwenye ngazi ni programu iitwayo Precise Volume. Ile isiyolipiwa inakupa ngazi 100 badala ya zile 15. Mama sasa anamsikiliza mdogo wake kwenye 22. Siku ya kwanza alisikiliza ujumbe mmoja mara tatu, mara ya tatu akiwa amefumba macho. Lakini simu hii ina tabia ya kuzima programu usiku ili kubana betri, na asubuhi sauti ikarudi kuwa ileile ya kufoka, mama akashtuka mbele ya wateja. Nikaingia kwenye mipangilio ya betri, nikairuhusu programu ifanye kazi bila kikomo. Tangu hapo haijazimwa. Usipofanya hatua hiyo utaona kama umeweka kitu kisichofaa.

Kabla ya haya yote mama alikuwa na dawa yake: anaifunika simu kwa kanga, mikunjo miwili. Nilimkataza, nikidhani anaifukia sauti bure. Kumbe nguo hunyonya sauti za juu kuliko za chini, yaani alikuwa anapunguza palepale nilipokuja kupunguza mimi kwa kijiti cha 3600. Akiwa na mikono safi, huiweka simu sikioni, na WhatsApp yenyewe inahamia kwenye spika ndogo ya kupigia, ambayo ni ya upole zaidi.

Kilichonishinda ni adhana ya alfajiri. Programu yake inatumia sauti ya kengele, ambayo kwenye simu hii ina ngazi 7 na haishuki mpaka sifuri, na ile ya chini kabisa bado inamrusha kitandani. Nimemchagulia muadhini mwenye sauti ya taratibu anayeanza pole, na simu inalala sebuleni juu ya mto, uso chini.

Simu naipa nyota tatu kati ya tano, fundi tano, programu nne na nusu. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aweke mtu anayeongea, si muziki, ashushe mpaka ngazi ya kwanza, kisha apande moja moja mpaka ya nne. Simama karibu, kama mama atakavyokuwa karibu.