Ruta ya laini badala ya faiba nyumbani: uzoefu wangu

Je, ruta ya laini, yaani ile inayowekewa laini ya simu, inaweza kuchukua nafasi ya faiba nyumbani? Jibu kwanza. Kwa nyumba ya watu wanne au watano wanaotazama filamu, kuingia vikao vya video na kutumia simu kama kawaida, ruta ya laini inaweza kuwa intaneti pekee, mradi inausikia mnara vizuri na mnara wenyewe haulemewi usiku. Kwa nyumba inayopakia mafaili makubwa kila siku, au yenye seva na kamera zinazofikiwa moja kwa moja kutoka nje, haitoshi, na kununua kifurushi kikubwa zaidi hakubadilishi kitu. Nimetumia zote mbili Dar es Salaam katika nyumba moja, faiba na ruta ya 4G aina ya Huawei B535, na tofauti niliyoiona si ile inayoandikwa kwenye mabango.

Mabango yanauza kasi. Kasi ya 4G iliyotulia inatosha na chenji inabaki: Netflix inashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K, na kikao cha Zoom cha watu wengi kwa 720p hakifiki megabiti 3 kila upande. Kinachoharibu ni kuchelewa kwa pakiti, yaani vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, pale mtu mmoja nyumbani anapopakia kitu. Simu moja ikianza kuhifadhi picha mtandaoni, papo hapo aliye kwenye kikao anaambiwa sauti yake inakatika. Ruta imejaza foleni ndefu upande wa kupakia, na kila kipande cha sauti kinasubiri nyuma ya picha.

Hilo linapimika. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 -t, iache iende dakika moja bila kazi nyingine, kisha pakia video ya kama MB 500 kwenye Google Drive huku ukitazama muda ambao ping inaonyesha. Ukipanda kutoka milisekunde 40 hadi 80 au 100, pazuri. Ukipanda hadi 400 na kuendelea, usitegemee kufanya kikao cha kazi hapo, hata kama kipimo cha kasi kinakuonyesha megabiti 60. Kwa faiba ongezeko huwa dogo, kwa sababu tawi la GPON, mfumo wa faiba wa majumbani, lina takribani gigabiti 1.2 za kupakia wanazogawana wateja wake, ilhali ruta ya laini hutuma kwa nguvu ya kama wati 0.2, sawa na simu ya mkononi, hata ikiwa imechomekwa ukutani. Ndiyo maana ukiwa mbali na mnara, kupakia ndiko kunakofifia kwanza.

Dawa ni kuweka kikomo cha kupakia chini ya uwezo halisi, ili foleni isijae. Kwa faiba ni rahisi, uwezo haubadilikibadiliki. Kwa laini, ukipata megabiti 12 za kupakia alfajiri na 5 usiku, kikomo kinabidi kifuate ile 5: weka 4. Utapoteza kasi ya alfajiri na utapata kikao kisichokatika, na mimi naona hiyo ni biashara nzuri. Ruta nyingi za laini hazina kikomo cha kueleweka, kwa hiyo anayeimudu OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, aweke ruta ya pili nyuma yake na kuwasha SQM aina ya cake, kipengele cha kupanga foleni. Ipo pia skripti ya cake-autorate, inayosogeza kikomo chenyewe kadiri mtandao unavyopanda na kushuka, na imetengenezwa kwa ajili ya laini za namna hii hasa.

Sasa mawimbi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Usiangalie vile vistari vitano. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa Huawei nyingi ni 192.168.8.1, utafute taarifa za kifaa na usome namba mbili: RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara: -80 dBm au karibu zaidi na sifuri ni nzuri sana, -90 hadi -100 inafanya kazi, ikishuka chini ya -110 utahangaika. SINR ni tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na kelele za minara mingine: juu ya 20 ni bora, 10 hadi 20 inatosha, karibu na sifuri ni balaa hata kama vistari vimejaa. Kati ya hizo mbili, mimi huanza na SINR. Nyumba iliyozungukwa na minara mitatu mara nyingi ina RSRP nzuri na SINR mbovu, na mwenyewe anashangaa kwa nini intaneti ni nzito ilhali mnara anauona dirishani.

Tembea na ruta nyumba nzima kabla ya kuamua pa kuiweka. Subiri dakika mbili kila mahali, kwa sababu namba huchukua muda kutulia. Ukuta wa zege na paa la bati hula mawimbi, kwa hiyo dirisha linalotazama mnara hushinda karibu kila mara, lakini lisiwe dirisha linalopigwa na jua la mchana: ruta ikipata joto sana hushusha kasi au hujizima. Na tafadhali, kile kifaa kidogo cha mfukoni chenye betri usikigeuze kuwa ruta ya nyumba. Betri inayokaa kwenye chaja usiku na mchana huvimba.

Antena ya nje inasaidia, ila si kila antena. Ruta za 4G hupokea kwa njia mbili kwa wakati mmoja, hivyo inahitajika antena yenye vipokezi viwili vilivyopishana kwa nyuzi 90, na waya mbili. Antena ya kuelekeza ndiyo inayopandisha SINR. Ile ya kusikia pande zote hubeba na kelele. Kisha kuna waya wa antena: ule mwembamba, LMR-200, katika mawimbi ya 1800 MHz hupoteza kama dB 0.5 kila mita, na ule mnene, LMR-400, kama dB 0.2. Mita 10 za ule mwembamba zinakula dB 5, yaani theluthi mbili ya nguvu yote uliyoipandia juu ya paa. Bora ununue ruta ya nje inayofungwa kwenye nguzo na kupata umeme kupitia waya wa mtandao. Waya huo unafika mita 100.

Angalia pia daraja la modemu. Ya Cat 4, kama Huawei B315, hutumia bendi moja ya masafa kwa wakati mmoja. Cat 6 na Cat 7 huunganisha mbili, na usiku bendi moja ikijaa tofauti inaonekana wazi. 5G, ambayo Vodacom iliizindua Tanzania mwaka 2022 na Safaricom Kenya mwaka huohuo, huongeza nafasi kubwa ya kupakua, lakini mawimbi ya 3500 MHz hayapendi kuta, na pale inapoegemea 4G, upande wa kupakia mara nyingi hubaki kwenye 4G ileile.

Pima kasi na ping saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na kati ya saa 2 na saa 5 usiku, siku za kazi na mwisho wa wiki. Kipimo cha usiku ndicho cha kuamulia.

Kuhusu kiasi cha data, fanya hesabu kabla ya kuamini neno “bila kikomo”. Netflix ya HD hula hadi GB 3 kwa saa; runinga moja kwa saa tatu kila siku ni GB 270 kwa mwezi, bado hujagusa simu wala masasisho ya kompyuta. Uliza kwa maandishi FUP, yaani kiwango cha matumizi kabla ya kasi kupunguzwa, ni GB ngapi na baada ya hapo kasi inashuka hadi ngapi. Ikishuka hadi megabiti 1, basi hicho ni kifurushi chenye kikomo.

Kwa kamera na seva, soma kwenye ruta anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande wa kampuni ya mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unagawana anwani na wateja wengine na hakuna mlango utakaoufungua kutoka nje. Kamera zinazopitia seva ya kampuni iliyozitengeneza zitafanya kazi. Kwa mengine tumia programu za VPN: Tailscale, au WireGuard kwenda kwenye seva ya kukodi.

Umeme ukikatika, faiba ina faida ambayo wengi hawaijui: kati ya kituo na nyumba yako hakuna kifaa kinachohitaji umeme, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 kwa ONT, kile kifaa cha nyumbani kinachopokea waya wa faiba, na ruta inatosha. Ukinunua hiyo UPS, kumbuka mAh za kwenye boksi huhesabiwa kwa volti 3.7: mAh 10,000 ni kama saa za wati 37, yaani takribani saa tatu kwa ruta ya wati 10. Mnara nao una betri zake, lakini mtaa mzima uliokuwa kwenye Wi-Fi unahamia kwake kwa mpigo.

Anayetaka kubaki na zote mbili, laini iwe akiba ya faiba, asichukue za kampuni moja. Hata kampuni mbili zinaweza kutegemea njia ileile: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja, faiba na simu zote ziliyumba Tanzania. Endesha tracert, amri ya Windows inayoonyesha njia data inayopita, kupitia kila laini kwenda kwenye seva ileile ya Ulaya na ulinganishe vituo vya katikati. Vikifanana tangu hatua za mwanzo, jaribu kampuni nyingine.