Wapi pa Kula Chakula cha Kijapani Jijini: Tazama Wali Kabla ya Samaki

Anayetafuta chakula cha Kijapani katika jiji kubwa husumbuliwa na wingi wa migahawa, wala si uhaba wake. Mimi nimekula katika ya bei kali na ya bei nafuu, na kigezo changu cha kwanza ni urefu wa orodha ya vyakula: mgahawa wenye orodha fupi mara nyingi huushinda ule wenye orodha ndefu. Huko Japani kwenyewe ni jambo la kawaida mgahawa wa rameni (tambi ndani ya supu) kupika rameni tu, na wa tempura (samaki na mboga zilizochovywa katika uji wa unga) kukaanga tempura, mpishi akitumia miaka mingi kunoa ustadi wa kitu kimoja. Ukiletewa kurasa kumi zenye sushi (matonge ya wali yenye samaki, mara nyingi mbichi), tambi, nyama za kuchoma na hata vyakula vya nchi jirani, ujue kwamba jikoni jokofu linafanya kazi kuliko mpishi.

Wengi huanza na sushi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa kuwa mteja hutazama samaki na kuusahau wali. Wali wa sushi huchanganywa na siki, sukari na chumvi ungali moto, kisha hupepewa, na unapaswa kukufikia ukiwa na uvuguvugu unaokaribia ule wa mwili. Katika mgahawa mmoja wenye kaunta ya viti vichache, nilimtazama mpishi akipaka chembe ya wasabi, kiungo kikali cha kijani, chini ya kipande cha samaki, akakilaza juu ya tonge la wali, akalibana mara mbili tatu kwa vidole na kuliweka mbele yangu. Nilipolitia mdomoni, punje ziliachana zenyewe. Tonge la baridi lililoshindiliwa likawa gumu halistahili bei yake, hata likibeba jodari wa thamani.

Wasabi nayo hueleza mengi. Ile rojo ya kijani inayowekwa pembeni ya sahani kwa kawaida hutengenezwa kwa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi, maana wasabi halisi ni ghali, hukwaruzwa papo hapo, na harufu yake huanza kufifia baada ya dakika chache. Siulaumu mgahawa wa bei nafuu kwa hilo. Wa bei kubwa hauna udhuru. Wala usivutwe na tangazo la samaki “aliyevuliwa leo”. Samaki wengi wa kuliwa wabichi hugandishwa kwanza ili kuua minyoo, na kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka samaki wengi wa baharini wakae katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Mgahawa unaokueleza hivyo waziwazi unastahili kuaminiwa.

Sushi ya mkanda unaozunguka, unaopitisha sahani mbele ya wateja, ilianzishwa Osaka, Japani, mwaka 1958 na Yoshiaki Shiraishi, aliyepata wazo hilo alipoona chupa za bia zikisafirishwa kiwandani, na hadi leo inafaa kwa mwenye haraka au mwenye watoto. Nenda saa ambazo mgahawa umejaa, kwa sababu sahani zikikosa wa kuzichukua, samaki hukauka kingo huku zikiendelea kuzunguka.

Kwa thamani ya pesa, hata hivyo, mimi huchagua rameni. Tambi zake hukandwa kwa maji yenye magadi, ambayo huzipa rangi ya manjano na ule mnyumbuko unaoyakinza meno, na supu nzuri huchemka kwa saa nyingi. Ile iitwayo tonkotsu hupikwa kwa mifupa ya nguruwe hadi inageuka nyeupe na nzito. Bakuli likifika, kula mara moja, kwa kuwa tambi huendelea kulainika ndani ya supu. Izakaya, yaani baa za vyakula vidogovidogo na mishikaki ya kuku, zinafaa kwa kundi la marafiki wakati wa jioni, lakini bili hupanda kimyakimya. Teppanyaki, yaani nyama inayopikwa juu ya bamba la chuma mbele ya mteja, naiacha, mara nyingi unalipia mchezo wa visu kuliko nyama.

Asiyekula nguruwe au asiyetumia kileo asiishie kutazama majina ya vyakula. Mirin na sake, vileo vya mchele, hutiwa katika michuzi mingi, na supu ya msingi iitwayo dashi hutengenezwa kwa mwani pamoja na vipande vya samaki mkavu, hivyo hata sahani ya mboga inaweza kuwa na samaki ndani yake. Muulize mhudumu. Akienda jikoni kuuliza ndipo akujibu, agiza kwa amani. Akijibu “hamna” kabla hujamaliza swali, tafuta mgahawa mwingine.