Uzoefu wangu na CNC ya mbao niliyojiundia: chuma kwanza, mota baadaye

Hii mashine ninayoiongelea ni CNC ruta, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta inayozungusha biti ya kukatia, ya kuchonga mbao na alumini kidogo, eneo la kazi mili 600 kwa 600, nimeiunda mwenyewe kuanzia mchoro hadi waya wa mwisho na ni mwaka mzima sasa naifanyia kazi. Kabla yake niliunda nyingine nikaibomoa baada ya miezi 5, na tofauti ya hizo mbili ndiyo nataka mtu anayepanga kuunda ya kwake aisikie, maana mimi hela na akili vyote nilivipeleka kwenye mota na umeme kumbe shida iko kwenye fremu.

Ile ya kwanza fremu ilikuwa ubao wa MDF wa mili 18, gantri (daraja linalobeba ruta) inatembea juu ya fimbo za chuma za mviringo unene mili 12, urefu mili 800, zimeshikwa miishoni tu huku katikati hakuna kitu. Mota nikaweka stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua, yaani stepu) za saizi ya NEMA 23, zina nguvu kweli, lakini nguvu zote zile kama kinachobeba kinabonyea zinakusaidia nini? Nikichonga mfereji kutoka ukingo hadi ukingo, pembeni kina kiko sawa, katikati kinazidi kwa zaidi ya nusu mili kwa sababu fimbo zimelemewa na uzito wa ruta. Nilihangaika na setingi wiki nzima kabla sijakaa chini na kupiga hesabu. Fimbo ya namna hiyo ukiirefusha mara 2 inabonyea mara 8, na ukiinenepesha kutoka mili 12 kwenda 16 kubonyea kunabaki kama theluthi ya kwanza. Ningejua hiyo hesabu mapema nisingenunua zile fimbo kabisa.

Ya pili nimetumia profaili za alumini 40 kwa 80, reli za aina ya HGR15 ambazo zinafungwa kwa bolti mwanzo hadi mwisho kwa hiyo hazina pa kubonyea, na bolskrubu (skrubu ndefu za kusogezea) za 1605 yaani unene mili 16 na mzunguko mmoja unasogeza mili 5. Reli hizi nazipa alama zote. Ila muuzaji mmoja, simtaji, alinitumia bloku (kipande chenye gololi kinachoteleza juu ya reli) bila kile kiplastiki cha kuzuia gololi, nikaivuta kidogo nje ya reli na gololi zikamwagika sakafuni, ndogo kama mbegu za ulezi, nikazikusanya na sumaku usiku ule na kuzirudisha moja moja kwa grisi na kibanio. Kwa hiyo bloku yako ikifika isogeze taratibu na usiitoe kwenye reli mpaka uwe na kitu cha kuipokea.

Upande wa ubongo wa mashine nimeweka GRBL, programu ya kuongoza CNC, kwenye kibodi kidogo cha elektroniki kiitwacho Arduino Uno na sijawahi kujuta. Ni programu ya bure, inaingia kwenye kachipu kenye memori ya kilobaiti 32 tu na inaendesha mihimili 3 (X, Y na Z, yaani kulia-kushoto, mbele-nyuma na juu-chini) bila kukwama. Kitu cha kuangalia ni idadi ya stepu kwa kila mili. Stepa ya kawaida ina stepu 200 kwa mzunguko, draiva (kifaa kinachoiendesha mota) nimeiseti igawe kila stepu mara 8 zikawa 1600, gawanya kwa mili 5 za skrubu unapata 320. Kwenye mashine ya zamani skrubu ilikuwa inasogeza mili 8 kwa mzunguko kwa hiyo namba ilikuwa 200, nami nikasahau kuibadilisha, nikaiamuru iende mili 100 ikaenda 62 na nusu, nikaanza kufungua kapling (kiungo cha mota na skrubu) nikidhani inateleza kumbe ni namba tu.

Halafu kuna hili la skwea, yaani gantri kukaa pembe mraba na reli. Mhimili wa Y una mota 2, moja kila upande, na zote zinapokea amri ileile, kwa hiyo kama wakati unawasha umeme upande mmoja umetangulia basi utabaki umetangulia siku nzima na mashine haijui. Nilikata mraba wa mili 300 kwenye plaiwudi, pande zote nne ukipima zimetoka sawa, nikafurahi, nikapima pembe kwa pembe nikapata 425 na nusu huku na 423 kule wakati zote zilitakiwa kuwa 424 na ushee. Hapo gantri ilikuwa imekaa upande kwa kama mili 4. Nimefunga vizuizi 2 vya alumini mwisho wa reli, kabla ya kuwasha nasukuma gantri kwa mkono mpaka igonge vyote viwili ndipo nawasha, na kwa sasa tofauti ya pembe haifiki robo mili.

Spindeli, yaani mota inayozungusha biti, ni ya kilowati 1.5, inapozwa kwa maji, inazunguka mpaka mizunguko 24,000 kwa dakika na inaendeshwa na inveta (kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi yake). Ukimya wake mtamu sana ukilinganisha na ruta ya mkononi, kinachosikika ni mbao ikikatwa tu. Lakini hiyo inveta ilinitesa jamani. Kila nikiwasha spindeli baada ya sekunde chache GRBL inaandika ALARM:1 na kusimama, maana yake swichi ya mwisho wa reli imeguswa, na ukiangalia hakuna kilichogusa chochote. Ni kelele za umeme kutoka kwenye kebo ya spindeli zilikuwa zinaingia kwenye waya wa swichi kwa sababu nilizipitisha pamoja ili zionekane nadhifu. Nikaweka kebo yenye wavu, wavu nikaufunga kwenye ethi, waya za swichi nikazipitisha upande wa pili wa fremu, na tangu siku hiyo haijarudia.

Mwendo nao usiuogope. Nilikuwa nachonga kwa mili 500 kwa dakika nikidhani taratibu ndiyo salama, kingo za mbao zikawa nyeusi na harufu ya kuungua, biti ya makali 2 ikafa mapema. Kwa mizunguko 18,000 kwa dakika mwendo ule kila kikali kinapata mili 0.014 tu, hapo hakikati, kinasugua. Nimepandisha hadi 1800, kila kikali kinakula mili 0.05, sasa yanatoka makapi badala ya unga na biti inabaki vuguvugu. MDF yenyewe bado inatoa unga mwingi hata ufanyeje, vaa barakoa na uweke bomba la kufyonza.

Ambacho bado sijaridhika nacho ni mhimili wa Z. Bamba linaloshika spindeli ni la mili 10 na ukilisukuma kwa kidole gumba huku ukitazama geji ya daiyali unaona mshale unacheza. Nimeshachora jipya la mili 20, litachongwa na mashine hiihii, biti ya kali moja, kina cha mili 0.3 kila pito, na nimeshalifunga bamba mezani linasubiri.