Tovuti ya data ya jiji la Chicago, kwa jicho la mwenye hoteli wa Kongowea

Mie nina hoteli ndogo karibu na soko la Kongowea, Mombasa: mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana. Huduma ninayoipima hapa ni ya jiji la mbali, lakini inanigusa mie na biashara yangu. Ni tovuti ya data huria, yaani rekodi za serikali zilizo wazi kwa kila mtu, ya jiji la Chicago, Marekani. Naipa nyota nne kati ya tano.

Jedwali lililonivuta ni la ukaguzi wa hoteli. Kila mstari ni ziara moja ya bwana afya, tangu Januari 2010 hadi za karibuni: jina la biashara, nambari ya leseni, anwani, tarehe, sababu ya kwenda, na matokeo. Hujisajili, hulipi, wala humwombi mtu ruhusa. Unatafuta jina unalolitaka, au unapakua jedwali zima ukalifanyie hesabu zako nyumbani.

Safu ninayoipenda kuliko zote ni hiyo ya sababu. Inakwambia kama bwana afya alikwenda kwa zamu yake ya kawaida, kwa ajili ya leseni, kwa lalamiko la mteja, au alirudi kuangalia kama kasoro zimerekebishwa. Hapo kwenye kurudi ndipo penye haki. Tuseme hoteli imeanguka kwa sababu jokofu halipoi, ikatengeneza, ikakaguliwa tena na kupita. Mistari yote miwili inabaki, na mteja anaamua mwenyewe. Najua wenzangu wanaogopa kuanikwa, na hofu yao naielewa. Lakini kipindupindu kikitajwa tu hapa Mombasa, wateja wanatukimbia sote, anayechemsha maji na asiyechemsha. Mteja akiniuliza, "Mama, bwana afya amepita hapa?" namwonyesha cheti cha ukutani, na cheti hakielezi kilichokutwa jikoni wala kilichofuata. Ningetamani nimwonyeshe historia nzima.

Wenyewe Chicago wameifanyia kazi data hiyo. Mwaka 2014 walijaribu kutumia rekodi za nyuma kukisia ni hoteli zipi zikaguliwe kwanza, na kasoro kubwa zikawa zinaonekana mapema kwa wastani wa siku 7.5. Kisha wakaianika hadharani programu waliyoitumia, jiji lolote lichukue. Siku saba ni nyingi mno kwa mtu anayekula hapo kila mchana.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu maelezo ya makosa yote ya ziara moja yamerundikwa katika kisanduku kimoja, kwa hiyo kuhesabu kosa moja moja ni kazi. Pia istilahi za ukaguzi zilibadilika Julai 2018, hivyo miaka ya kabla na ya baada hailinganishwi hivi hivi. Hilo tovuti inalitangaza yenyewe, nami nawaheshimu kwa hilo.

Kilichoifanya idumu, naona, ni amri aliyoitia saini meya Rahm Emanuel Desemba 2012. Kila idara ilitakiwa iteue mtu wa kushughulikia data yake, na ripoti itolewe kila mwaka. Mwaka huohuo New York wakatunga sheria yao ya data huria. Sherehe ya uzinduzi ni ya siku moja. Mtu mwenye jukumu ndiye anayejaza mstari wa leo.

Kwetu msingi haukosekani. Rais Kibaki alizindua tovuti ya data ya taifa Julai 2011. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Niliomba orodha ya hoteli zilizokaguliwa mtaani kwetu katika ofisi moja, nikapewa picha ya karatasi iliyopigwa upande, muhuri wa zambarau umekaa juu ya safu ya tarehe. Karatasi kama hiyo haichujiki, haihesabiki, na tarehe ndiyo niliyokuwa naihitaji.

Kaunti yetu ina watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, na kaunti ndogo sita. Kama Mombasa itaanza mpango wake, naomba ianze na jedwali hili moja, lijazwe kila wiki, kabla ya kutangaza majedwali mia yatakayolala. Liwe na jina la biashara, wadi, tarehe, sababu na matokeo. Nambari ya simu ya mwenye hoteli na kitambulisho chake visiwekwe. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Jambo moja Chicago haitatufundisha. Mama wa viazi karai aliye barazani mara nyingi hana leseni ya hoteli, na jedwali linalofuata nambari za leseni litampita kana kwamba hapiki. Huyo aandikwe kwa wadi na mahali anapokaa, na bwana afya akimpitia, apewe mstari wake kama mie.